Kola Haina Kasoro

Siku Mtunzaji alipokuja nyumbani kujitambulisha, alivaa koti ambalo mkono wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Nilipofungua mlango niliuona mkono huo kabla sijamwona yeye mwenyewe. Jamani, unakwenda kumwomba fundi cherehani binti yake, mtu aliyekata suti kwa miaka thelathini na minane, halafu unakwenda na koti kama lile.

"Umelitoa wapi?" nikamnong'oneza.

"Nimeazima kwa jirani."

"Na huyo jirani ana mikono ya namna gani?"

"Sikumpima," akasema. Akajaribu kutabasamu, tabasamu likafika nusu likachoka. Kisha akanitazama, na kwa jinsi alivyonitazama nikasahau koti, nikasahau kwamba mlango uko wazi, nikasahau kwamba Shangazi yuko nyuma ya pazia anasikiliza. Ana macho ya upole mtu huyu. Siku ile yalikuwa mekundu, na chini yake pameingia weusi, lakini upole ulikuwamo humo humo.

"Barua umekuja nayo?"

Akagusa mfuko wa kifuani. "Ninayo. Naanza Jumatatu. Duka la simu, kaunta ya pili."

"Na ile nyingine?"

"Ile ipo tayari. Nimeitegea saa. Ikifika saa kumi na mbili jioni inajituma yenyewe. Baada ya hapo, basi. Nimefunga."

Ilikuwa saa kumi kasoro. Nikamshika mkono, ule mfupi, nikamwingiza ndani.

Ngoja nieleze, maana bila hivyo mtaniona mjinga. Namwita Mtunzaji kwa sababu ndivyo alivyoandikwa kwenye ukurasa wa programu yake mtandaoni. Programu yenyewe ni ya mafundi. Unaingiza vipimo vya mtu, bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, nayo inakuchorea karatasi za kukatia nguo yake. Unachapa, unapanga juu ya kitambaa, unakata. Aliianza kwa ajili ya mama yake, fundi wa magauni, macho yake yalipoanza kufifia asione tena alama za chaki. Mama akafariki, programu ikabaki. Akaiweka mtandaoni, bure, na wazi: anayetaka kuitumia aitumie, anayetaka kuifungua ndani aone ilivyoungwa, ruksa.

Mafundi wakaipokea kama mvua. Walipofika elfu arobaini aliacha kuhesabu. Mtunzaji alibaki yule yule mmoja, chumba kimoja, kompyuta moja yenye herufi tatu zilizong'oka.

Na kati ya hao elfu arobaini alikuwamo Baba.

Baba yangu akipenda kitu hukilalamikia. Hilo sikulijua wakati ule, nilidhani anakichukia. Kila siku saa nne asubuhi alikuwa akivua miwani, anakaa kwenye kiti chake kirefu karibu na meza ya kukatia, futi shingoni, anasema, "Njoo uandike kwa yule bwana." Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wake, kwa sababu yeye akichapa ukurasa mmoja wa maneno siku inaisha. Alijiandikisha kwa jina la Fundi Mkuu. Malalamiko yake yalikuwa yanakwenda kwa namba.

"Kwanza: kola imekaa vibaya. Pili: jana nilisema kola imekaa vibaya. Tatu: aliyechora kola hii amewahi kuwa na shingo? Nasubiri majibu kabla ya saa sita."

Mimi vidole vilikuwa vinauma kuandika maneno kama hayo kwa mtu asiyenidai chochote. Basi siku moja, Baba alipogeuka kuchukua mkasi, nikachomeka mwishoni maneno yangu ndani ya mabano: (Hapa ni binti yake ndiye anayechapa. Mzee jino linamsumbua. Usiyaweke moyoni. Pole na kazi.)

Saa tano na nusu jibu likaja. "Asante kwa taarifa, Fundi Mkuu. Kwanza: nimeiangalia kola. Pili: ni kweli ulisema jana, samahani. Tatu: shingo ninayo. (Asante kwa mabano. Leo wameniandikia watu sitini na wawili, na pole nimeipata moja.)"

Nilicheka mpaka sindano ikanidunga. Ndivyo yalivyoanza. Miezi minane ya mabano, kisha siku moja mabano yake yakauliza kama duka la karatasi ninakonunua za kuchapia ni lile la kona, lenye mlango wa bluu. Nikasema ndilo. Akasema yeye anakaa mitaa mitatu kutoka hapo. Sitasimulia siku ile ya duka la karatasi, ila nilitoka na mapenzi, na karatasi nikazisahau kaunta.

Sasa shida yenyewe. Mtu yule alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu. Kulikuwa na kiwanda kikubwa kinachoshona sare za maelfu ya watu kwa kutumia programu yake, hakijawahi kumpa hata kifungo, kikamtumia fomu yenye maswali arobaini na kumtaka aijaze kwa siku mbili, athibitishe kwamba programu ni salama. Aliijaza. Mwanamke mmoja alidai alipwe kitambaa cha sketi alichokikata vibaya mwenyewe. Aliomba msaada kwenye mfuko mmoja wa wahisani, wakamjibu kwamba mradi wake ni muhimu sana na kwa hiyo haukosi wa kuusaidia. Alifika mahali akisikia kompyuta inawaka tumbo linamkaza. Anakula amesimama. Siku moja alisinzia begani kwangu nikamsikia anasema usingizini, "Asante kwa taarifa yako, naomba vipimo."

Na katika miezi mitatu ya mwisho, Baba naye akaongeza kasi. Mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, kola, kola, kola.

"Mimi nikimwambia Baba kwamba mchumba wangu ndiye yule bwana," nilimwambia Mtunzaji, "atakupima jeneza."

Kwa hiyo tukapanga. Atafute kazi inayoeleweka. Aje na barua. Ya programu tusiyaseme kabisa. Aliandika tangazo la kuifunga akalitegea saa ya siku ile ile, ili akitoka kwetu awe mtu mpya. Mimi nilikubali, na nilichokitaka ni kimoja tu, Baba aseme ndiyo. Lakini niwe mkweli, usiku wa kuamkia siku ile nililia. Nilikuwa nimempenda mtu anayejibu, na huyo ndiye tuliyekuwa tunamzika saa kumi na mbili.

Basi, sebuleni. Sebule yetu imetengana na karakana ya Baba kwa pazia tu, na Baba alikuwa ameketi mgongo kwenye pazia, futi shingoni hata siku ya ugeni. Kando yake Shangazi, dada yake mkubwa, aliyekuwa muuguzi mkuu wa wodi kwa miaka thelathini na bado hajastaafu moyoni.

"Karibu mwanangu, kaa hapa penye mwanga," Shangazi akasema, na kabla mgeni hajakaa vizuri akawa ameshamshika kifundo cha mkono anatazama saa ya ukutani. "Mapigo yanakimbia. Unalala?"

"Nalala, Shangazi."

"Saa ngapi?"

"Inategemea."

"Inategemea si namba." Akamvuta kope ya chini kwa kidole gumba. "Huyu hana damu. Binti, ongeza maziwa kwenye chai yake."

Baba alikuwa anautazama ule mkono wa koti. Aliutazama kama mtu anayetazama ajali barabarani, hataki na hawezi kuacha.

"Mzee," Mtunzaji akaanza, kwa sauti tuliyoifanyia mazoezi, "nimekuja kwa heshima. Nampenda binti yako na ningependa kumwoa. Nina kazi. Barua hii hapa."

Baba akaipokea, akaivuta mbali na macho, akaisoma yote, hata anuani.

"Duka la simu."

"Ndiyo, Mzee."

"Utauza simu."

"Kaunta ya pili, Mzee."

"Mshahara wa kila mwezi," nikaingilia, nikimimina chai pembeni ya kikombe.

Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo sasa. Mtu anajulikana anaingia saa ngapi, anatoka saa ngapi. Siyo hawa wanaokaa ndani na kompyuta mwaka mzima, ukiwauliza kazi wanakwambia ni shughuli."

Mtunzaji akatazama zulia.

"Na kabla ya simu," Baba akauliza taratibu, "ulikuwa unafanya nini?"

"Shughuli za kompyuta, Mzee. Ndogondogo."

Ndogondogo. Nilitazama ndani ya birika ili nisimtazame yeye. Miaka saba ya mtu, macho ya mama yake, mafundi elfu arobaini, na sasa ni ndogondogo. Alilisema neno hilo kama mtu anayeulizwa mbele ya watu kama huyu ni mwanawe, akasema hapana, simjui.

Baba akajisogeza mbele. "Kijana, unaijua kola?"

Kikombe cha Mtunzaji kikagonga kisahani. "Kola, Mzee?"

"Kola ya koti. Inakaaje shingoni?"

Nikamwona anavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukapata uhai. "Kola, Mzee, siri yake haipo kwenye kola. Ipo kwenye bega. Bega likishuka hata kidogo tu, kola inaachia nyuma, na watu wote wanailaumu kola bure, wakati..." Macho yake yakakutana na yangu. Nilikuwa namtazama kwa hofu yote niliyokuwa nayo. Akakata. Uhai ukamtoka usoni. "Yaani, nimesikia watu wakisema hivyo. Mimi mwenyewe siijui, Mzee."

"Huijui," Baba akasema.

"Siijui."

Baba akairudisha barua mezani, akaigeuza kifudifudi, akainuka. Niliwahi kumwona na uso ule mara moja tu, mteja alipomletea kitambaa cha hariri kilichoungua pasi.

"Binti, njoo karakana. Kuna jambo la kuandika kwa yule bwana."

"Baba, sasa hivi? Mgeni..."

"Mgeni ana chai."

Nikamfuata nyuma ya pazia. Nikajua posa imevunjika. Nikawasha kompyuta. Baba hakukaa kwenye kiti chake kirefu. Alisimama karibu na lile sanamu la kupimia nguo, akaliegemea bega kama rafiki yake.

"Andika. Kwanza: kola haina kasoro."

Vidole vikasimama. "Baba?"

"Andika, usinitazame. Kola haina kasoro. Haijawahi kuwa nayo, ni kola nzuri kuliko ninayochora kwa mkono." Akakohoa. "Pili: miezi mitatu hii nimekuwa nikikulalamikia mara mbili kwa siku kwa sababu majibu yako yakija, binti yangu anacheka. Tangu mama yake atutoke miaka miwili iliyopita sikuwa nimemsikia akicheka ndani ya nyumba hii. Nikaona, nikiongeza malalamiko, yataongezeka na majibu."

Herufi zikaanza kuogelea mbele yangu. "Uliyaona mabano."

"Nina miwani, mwanangu. Ukienda kununua nyuzi mimi hukaa hapo nikasoma yote, kuanzia lile la jino." Akapangusa pua kwa ncha ya futi. "Tena halikuwa jino, lilikuwa sikio. Andika. Tatu: leo sebuleni kwangu ameketi kijana wa duka la simu, na barua yake, na koti la kuazima, anataka kumwoa. Kola haijui. Anakaribia kuijua, halafu anakana. Sijaelewa ni mtu wa aina gani. Nne: mimi nilidhani atakuja kuwa wewe. Nilikuwa nakungoja, bwana. Kama una la kusema, sema kabla chai haijapoa."

"Baba," nikasema, "Baba, ngoja nikwambie..."

"Tuma kwanza."

Nikatuma. Sikuwa na akili nyingine.

Na nyuma ya pazia, sebuleni kwetu, ikalia kengele ya baiskeli.

Kring-kring. Kengele safi kabisa, ya baiskeli mpya. Baba akageuza kichwa.

"Nani ameingiza baiskeli ndani?"

"Hakuna baiskeli," sauti ya Shangazi ikaitikia toka upande wa pili. "Ni mfuko wa huyu mgeni ndio unaolia."

Nilijua sauti ile. Aliwahi kunionyesha simu yake akaniambia, nimezima milio yote, ya kiwanda, ya sketi, yote, daktari alisema nitapona nikizima. Huu tu wa Fundi Mkuu siwezi. Ndio unaokuja na mabano yako.

Baba alinitazama, akatazama kompyuta, akatazama pazia. Fundi hapimi mara moja. "Tuma tena," akasema.

"Niandike nini?"

"Andika: tano. Basi."

Nikaandika tano, nikatuma. Kring-kring.

"Mfuko umelia tena," Shangazi akatangaza. "Na mwenyewe ameitoa simu, anaisoma, na mikono inamtetemeka. Nilisema huyu hana damu."

Mimi nilingoja pazia lifunguke, aingie, aseme. Kutoka kwenye kochi hadi karakana ni hatua sita, nimezipima. Badala yake, kompyuta ya Baba ikatoa mlio mdogo. Jibu limefika.

Baba akavaa miwani, akainama, akalisoma mwenyewe, kwa sauti, neno moja moja.

"Asante kwa taarifa, Fundi Mkuu. Kwanza: nashukuru kusikia kuhusu kola. Niliitafuta kasoro hiyo kwa siku tisa. Siku ya tisa nilijiridhisha haipo, nikaanza upya, nikidhani ni mimi nisiyeona. Pili: sikujua. Tatu: kijana wa koti ni mimi. Nne: ninalo la kusema. Tano: haieleweki, naomba maelezo zaidi."

"Yuko hatua sita," Shangazi akasema kwa mshangao, "na anaandika."

Baba akalivuta pazia. Mtunzaji alikuwa amesimama katikati ya sebule na simu mkononi, mikono miwili isiyolingana, machozi yanamtoka bila sauti. Hakuyafuta. Nadhani hakujua kama yanatoka.

"Siku tisa?" Baba akauliza.

"Tisa, Mzee."

"Kwa kola isiyo na kitu."

"Nilikata hata koti la karatasi nikalivaa."

Baba akakaa kwenye mkono wa kochi, taratibu, kama aliyekatwa miguu. Alishika futi yake, akaikunja, akaikunjua. "Mwanangu," akasema mwishowe, na sikujua kwanza anasema na nani kati yetu, "nilikuwa nawatafutia kicheko. Kumbe nilikuwa nakumaliza wewe. Nisamehe."

"Si wewe peke yako, Mzee. Mko elfu arobaini."

"Elfu arobaini," Shangazi akadakia, "na wanakulipa shilingi ngapi?"

"Mmoja alinitumia ya chai. Mara mbili."

"Na wewe?" Shangazi akamgeukia mdogo wake. "Miaka yote hiyo unakata suti kwa karatasi zake, ulimtumia nini?"

"Kola," Baba akasema kwa aibu.

Mtunzaji akaketi. Ndipo akaeleza yote, kuhusu mama yake na macho yake, kuhusu kiwanda, kuhusu tumbo linalokaza, na kuhusu tangazo lililotegewa saa kumi na mbili. Aliposema kwamba anaifunga, Baba alitazama kuelekea karakana kama aliyeambiwa nyumba itabomolewa.

"Usifunge," Baba akasema.

"Afunge," Shangazi akasema. "Mtazame. Nimewatoa wodini watu wenye afya kuliko huyu."

Mtunzaji alinigeukia mimi. "Wewe unataka niwe nani?" akaniuliza. "Sema ukweli. Kaunta ya pili ninaiweza. Nitakuwa naingia saa mbili, natoka saa kumi na moja, nakuja nyumbani nakupenda. Hilo silidanganyi."

Wote watatu wakanitazama. Nilikuwa nimesimama penye pazia, nusu karakana, nusu sebule, na uso unaniwaka.

"Nataka yule anayejibu," nikasema. "Yule wa shingo ninayo. Ndiye niliyempenda kabla sijamwona. Lakini namtaka awe amelala, na awe amekula amekaa. Kama hawezi kuwa hivyo bila kufunga, basi afunge, nami nitakuja kununua simu kaunta ya pili kila siku."

Aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na sikuweza kujua analia au anacheka. Nadhani vyote.

Baba akasimama. Mabega yaliyokuwa yameshuka yakarudi mahali pake. "Leta simu," akamwambia Mtunzaji.

"Mzee?"

"Nipe hiyo simu. Na uje hapa kwenye kompyuta ulifute tangazo lako."

"Nikilifuta, kesho wataandika wote tena."

"Wataniandikia mimi." Baba alishaanza kutembea kuelekea karakana, na sisi tukamfuata, Shangazi na kikombe chake. "Miaka mitatu nimelalamika. Nalijua lalamiko la kweli, na nalijua la mtu aliyeamka vibaya. La kweli moja kwa wiki nitakuletea, nimelikagua. Mengine nitayajibu mwenyewe, na watajuta. Kiwanda kile kikileta fomu tena, nitawatumia ya kwangu, ina maswali themanini. Na chama cha mafundi mimi ndiye katibu. Tuko karakana sitini. Kila moja itoe kwa mwezi bei ya boksi la nyuzi. Hutatajirika."

"Na barua ya duka la simu?" Shangazi akauliza.

"Kwanza wasijue tumeitumia kama kisahani," nikasema, maana nilikuwa nimeiwekea birika.

"Aende au asiende, ataamua akiwa na akili," Shangazi akakata. "Sasa hivi hana. Wiki mbili za kulala. Hiyo ni amri, na nitakuja kupima mapigo."

Mtunzaji alikaa mbele ya kompyuta ya Baba. Saa ya ukutani ilisema kumi na moja na dakika arobaini. Alilifungua tangazo lake, lilianza na maneno Ndugu mafundi, kwa masikitiko, na akaliangalia kwa muda. Nikasimama nyuma yake. Nikaweka mkono begani, Baba akaona, akajifanya anatafuta chaki.

Akalifuta. Halikuchukua hata sekunde. Kisha akampa Baba simu, na Baba akafungua droo ya vifungo, akaizika humo katikati ya vifungo vya makoti, akaifunga.

"Kaa pale kochini usubiri," Baba akamwambia. "Vua hilo koti. Siwezi kuzungumza mahari na mtu mwenye mkono kama huo. Ngoja niushushe."

Mtunzaji akavua koti, akaenda kukaa. Baba akaushika mkono ule wa kushoto, akaukagua, akaguna. Halafu akakaa kwenye kiti chake kirefu, wembe mdogo wa kufumulia mkononi.

"Njoo uandike. Siyo kwa yule bwana. Kwa wote." Akaanza kufumua. "Ndugu mafundi. Kwanza: Mtunzaji amekwenda kupumzika wiki mbili, na asisumbuliwe. Pili: katika muda huo na baada yake, malalamiko yote yanapitia kwa Fundi Mkuu, ambaye hana subira. Tatu: tumekuwa tukivalishwa bure na mtu mmoja, na mimi nimekuwa wa kwanza kwa kelele. Inatosha. Nne: programu haifungwi." Akang'oa uzi. "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Haya, weka mabano yako."

Nikamtazama. Alikuwa ameinamia koti, masikio yamekuwa mekundu.

"Niweke nini, Baba?"

"Weka: ameshakubaliwa."

Sikuweza kuandika mara moja, ilibidi nipanguse macho kwa kipande cha bitana. Kisha nikaandika, (Ameshakubaliwa.), nikatuma.

Droo ya vifungo ikalia kengele ya baiskeli. Vifungo vyote vikatetemeka nayo. Nikakimbilia pazia, maana nilitaka nione uso wake akiisikia.

Alikuwa amelala. Kichwa nyuma kwenye kochi, mdomo wazi, mikono wazi mapajani, na Shangazi kando yake ameshika kifundo anahesabu, kidole kimoja mdomoni kunionya. Kengele ikalia mara ya pili. Mtu ambaye hakuwahi kuuzima mlio ule hata siku moja, hakusogea.

Sikumwamsha. Nikarudi karakana kimya kimya, nikamsogezea Baba taa karibu ili aone vizuri mahali pa kushonea mkono.